Pankhurst Aliyezikwa Addis Ababa

Kila Machi 8 inapokaribia, simu yangu hujaa mambo yaleyale. Kina mama wa kazini wanavutana juu ya rangi ya kitenge cha sare, mwekahazina anafuatilia michango ambayo nusu ya watu hawajatoa, na katikati ya zogo hilo kuna msomi mmoja wa kundi ambaye lazima arushe picha ya mwanamke wa Kizungu aliyebebwa msobemsobe na ofisa wa polisi, miguu inaning'inia. Chini yake ameandika: "Tusimsahau aliyetupigania kura." Mwanamke huyo ni Emmeline Pankhurst, na picha ilipigwa nje ya kasri la mfalme wa Uingereza mwezi Mei 1914. Ni picha kali, sikatai, na mama huyo alikuwa na ujasiri ambao wengi wetu hatutaufikia. Lakini nikiisoma hadithi nzima ya familia ile, naona tumemtundika ukutani mtu asiye sahihi. Binti yake wa pili, Sylvia, ndiye aliyeng'ang'ania swali ambalo harakati nyingi hulikwepa: kura ikipatikana, anaanza kuipata nani? Na ndiye pekee kati yao aliyekuja kumalizia maisha yake huku Afrika. Kaburi lake liko Addis Ababa.

Nianzie Salford, jirani na Manchester. Baba yao, Dakta Richard Pankhurst, alikuwa mwanasheria mwenye msimamo mkali. Muswada wa kwanza wa kuwapa wanawake wa Uingereza kura, uliofikishwa bungeni mwaka 1870, aliuandika yeye. Alifariki mwaka 1898, akamwachia mkewe watoto wanne na madeni. Wenzake katika Chama Huru cha Labour wakajenga ukumbi kwa heshima yake, na kazi ya kupamba kuta wakampa Sylvia, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sanaa wa miaka 21. Binti akachora kwa moyo wote. Kazi ikiwa imefika ukingoni ndipo ikajulikana kwamba klabu itakayotumia ukumbi huo haipokei wanawake. Yaani jengo lina jina la mtu aliyeandika muswada wa kura ya wanawake, kuta zimechorwa na binti yake, na binti huyo hana ruhusa ya kuingia kukaa humo na kunywa chai.

Emmeline hakulimeza hilo. Tarehe 10 Oktoba 1903 aliwaita wanawake nyumbani kwake, Nelson Street namba 62, Manchester, wakaunda Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake. Kauli mbiu yao ilikuwa vitendo, si maneno.

Waliotangulia nao wapewe haki yao. Mwaka 1866, Elizabeth Garrett na Emily Davies walipeleka bungeni ombi lenye sahihi 1,499 za wanawake. Walipofika Westminster, kwenye jengo la bunge, waliona haya kusimama na furushi kubwa namna ile mbele za watu, wakamwomba mama aliyekuwa akiuza matofaa pale alifiche chini ya meza yake mpaka mbunge John Stuart Mill atokee. (Kati ya mashujaa wote wa hadithi hii, muuza matofaa huyo ndiye nampenda kuliko wote, na jina lake wala simwoni mtu akilitaja.) Mill alipeleka hoja mwaka uliofuata, ikaanguka kwa kura 196 dhidi ya 73. Baada ya hapo ikawa ni barua, mikutano, sahihi, barua tena. Millicent Fawcett, mdogo wake Elizabeth, aliongoza kazi hiyo ya subira kwa miongo kadhaa, na umoja wake siku zote ulikuwa na wanachama wengi kuliko ule wa akina Pankhurst. Hawakuvunja kioo hata kimoja. Magazeti nayo yakawasahau.

Akina Pankhurst walielewa magazeti. Oktoba 1905, Christabel, binti mkubwa, na Annie Kenney, aliyekuwa mfanyakazi wa kinu cha pamba tangu utotoni, waliingia kwenye mkutano wa chama cha Liberal jijini Manchester na kuuliza kama serikali ya Liberal itawapa wanawake kura. Hawakujibiwa. Walipozidi kuuliza walitolewa nje kwa nguvu, Christabel akamtemea mate polisi ili akamatwe, na mahakamani wote wawili wakakataa kulipa faini. Kesho yake nchi nzima ilikuwa ikiwazungumzia. Yaliyofuata wengi mnayajua: madirisha ya maduka makubwa yakavunjwa, masanduku ya posta yakachomwa, na Juni 1913 Emily Wilding Davison akaingia uwanjani kwenye mbio za farasi za Epsom, akagongwa na farasi wa mfalme na kufa siku nne baadaye.

Sylvia alikuwamo katika hayo yote, ila macho yake yalikuwa ya mchoraji. Beji waliyovishwa wanawake waliotoka gereza la Holloway aliichora yeye: geti la bunge, na juu yake mshale uleule uliopigwa chapa kwenye nguo za wafungwa. Mwaka 1907 alifunga mizigo, akazunguka katikati na kaskazini mwa Uingereza na Scotland akichora wanawake wakiwa kazini. Aliwachora wafua minyororo wa Cradley Heath, washona viatu wa Leicester, vibarua wa mashambani, wasokota nyuzi wa Glasgow waliofanya kazi kwenye joto la kumwangusha mtu. Alikuwa akiandika pembeni kila mmoja analipwa nini na mwanamume wa kazi ileile analipwa nini. Ukizitazama picha hizo unaona tayari kinachokuja. Kwa wanawake wengi wa Umoja, kura ilikuwa suala la heshima. Kwa Sylvia ilianza kuwa suala la ujira.

Oktoba 1912 alihamia Bow, London Mashariki, mtaa wa bandari, viwanda na vyumba vya kupanga. Alikodi duka lililokuwa la mwoka mikate kwenye Bow Road, akapanda ngazi na brashi yake, akaandika mbele kwa herufi za dhahabu: "Kura kwa Wanawake". Mwezi uliofuata mbunge wa eneo hilo, George Lansbury, alijiuzulu kiti chake ili agombee upya kwa hoja hiyo moja tu ya kura ya wanawake. Alishindwa. Makao makuu ya Umoja yakaona mtaa huo hauna faida, yakafunga virago. Sylvia akabaki.

Nilipokuwa London kwa masomo nilipanga chumba upande huo wa mashariki, na siku za Jumamosi nilipenda kwenda soko la Roman Road kutafuta ndizi mbichi. Karibu na hapo, kwenye Old Ford Road, kuna baa moja inaitwa Lord Morpeth. Ukuta wake wa pembeni una picha kubwa ya Sylvia iliyochorwa mwaka 2018. Watu wanapita na mifuko ya soko bila kuitazama. Nadhani hilo lingemfurahisha kuliko sanamu.

Februari 1913 alivunja dirisha huko Bow makusudi, akapewa miezi miwili, akasusia chakula. Njia hiyo ya kususia ilianzishwa na mchongaji Marion Wallace Dunlop mwaka 1909, na serikali ilikuwa imeijibu kwa kuwalisha wafungwa kwa nguvu. Sylvia ameeleza jinsi ilivyokuwa. Wanaingia askari magereza wanawake, wanamlaza kitandani na kumkandamiza mikono, magoti na vifundo vya miguu. Daktari mmoja anapapasa ufizi kutafuta upenyo, anasukumiza chuma katikati ya meno na kukizungusha mpaka taya lifunguke. Kisha mpira unashushwa kooni, na uji unamiminwa. Akitapika, wanaondoka, wanarudi jioni. Ufizi ukivimba na kuchanika leo, kesho chuma kinapita palepale. Mwishowe alikataa hata kulala na kukaa. Alitembea ndani ya seli mchana na usiku hadi akaanguka, ndipo wakamwachia.

Aprili mwaka huo bunge likapitisha sheria ambayo wananchi waliiita Sheria ya Paka na Panya. Mfungwa aliyedhoofika kwa njaa anaachiwa kwa siku chache apate nguvu, kisha anakamatwa tena amalizie kifungo. Emmeline naye alipitishwa humo mara nyingi. Lakini huko Bow paka alipata tabu. Sylvia alilala kwa akina Payne, mke na mume washona viatu wa Ford Road, katika chumba kimoja cha mbele, na polisi kanzu wakikodi vyumba vya jirani wamchungulie, wenye nyumba waliwakatalia. Alikwenda kwenye mikutano amejifunika mashungi asitambulike. Alipokuwa dhaifu kupita kiasi alibebwa kwa machela mpaka jukwaani. Umati ukimzunguka, polisi walitoka na nundu.

Hapo ndipo alipokosana na nyumbani kwao. Novemba 1913 alipanda jukwaa moja na James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi wa Ireland, katika ukumbi wa Albert kuwatetea wafanyakazi wa Dublin waliofungiwa kazi na matajiri. Kwa Christabel, ambaye wakati huo aliongoza Umoja kutoka Paris alikokimbilia, hilo lilikuwa kosa lisilosameheka, kwa sababu Umoja haukutaka kuchanganywa na vyama vya wanaume wala mambo ya vibarua. Januari 1914 Sylvia aliitwa Paris. Alivuka bahari akiwa bado mgonjwa kutokana na jela. Anasimulia kwamba dada yake alimpokea akimpakata kijibwa cha manyoya, na mama yao amekaa pembeni, akamwambia kwamba wanawake wa London Mashariki hawafai kuwa mstari wa mbele: maisha yao ni magumu mno, elimu yao ndogo mno, na harakati inahitaji wanawake waliochaguliwa. Akafukuzwa. Mdogo wao, Adela, naye mwaka huohuo alipewa pauni 20 na tiketi ya kwenda Australia.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya "kuwawezesha wanawake" kwenye hoteli zenye kiyoyozi, na nimesikia hotuba ile ya Christabel kwa Kiswahili safi. Haisemwi hivyo, bila shaka. Husemwa kwamba "kina mama wa chini tutawafikia katika awamu ya pili".

Sylvia aliporudi, tawi la Bow likawa Shirikisho la London Mashariki, likaongeza rangi nyekundu kwenye zile za zambarau, nyeupe na kijani za Umoja, na Machi 1914 likaanzisha gazeti lake, Woman's Dreadnought, jina la manowari kubwa za wakati huo. Juni akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha harakati yote, ingawa si maarufu kama farasi wa Epsom. Waziri Mkuu Asquith, mpinzani wa kura ya wanawake kwa miaka mingi, alikuwa amekataa kuonana na ujumbe wa wanawake wa Bow. Sylvia akatangaza kwamba ataendelea kususia chakula na maji nje ya jela pia, mpaka akubali au yeye afe. Tarehe 18 Juni alipotolewa Holloway alipelekwa moja kwa moja bungeni akalazwa kwenye ngazi, karibu na mlango. Asquith akakubali.

Tarehe 20 Juni wanawake sita wa London Mashariki wakakaa mbele ya waziri mkuu. Sylvia hakuwamo. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: aliyekaribia kufa ili mlango ufunguke hakuupita. Walioingia waliteuliwa na wenzao katika mikutano ya mtaani. Julia Scurr alisoma taarifa yao. Jane Savoy, mtengeneza brashi, alikuja na brashi aliyoitengeneza mwenyewe, akamwonyesha Asquith, akamweleza matundu anayoyajaza kwa mkono na senti anazolipwa, na kwamba nyumba pia inamtegemea yeye. Mtu wa kazi zote hizo, akasema, astahili kura. Mwingine akaeleza ujira wa kiwandani, mwingine akasimulia habari za mwanawe mgonjwa. Asquith, aliyezoea kubishana na mabibi wenye kofia za manyoya, alijibu kwa upole kuliko kawaida yake. Alisema kama mabadiliko hayana budi kuja, basi yaje kwa upana wa kidemokrasia. Haikuwa ahadi. Wiki sita baadaye vita kuu ikaanza.

Emmeline na Christabel waliiunga mkono vita kwa nguvu zote. Gazeti lao wakalibatiza jina jipya, Britannia. Sylvia aliipinga, lakini muda wake mwingi ulikwenda kwenye tumbo la mtaa. Viwanda vilifunga, bei ya mkate ikapanda, na posho za wake wa askari zilichelewa kwa majuma. Shirikisho likafungua migahawa ya bei ya gharama tupu: sahani ya mtu mzima senti mbili za Kiingereza, ya mtoto senti moja, na asiye na kitu alikula vilevile. Kwa maneno yetu alikuwa mama lishe wa mtaa mzima. Wakafungua kiwanda cha wanasesere ili wanawake waliopoteza kazi walipwe ujira wa maana, na zahanati ya kugawa maziwa. Baa moja iliyofungwa, iliyoitwa Gunmakers' Arms, waligeuza kuwa mahali pa kulelea watoto wa wafanyakazi, na wakabadilisha kibao mlangoni kikasomeka Mothers' Arms. Huwezi kusema hawakuwa na utani.

Sheria ya kura ikapita tarehe 6 Februari 1918. Wanaume wote wa miaka 21 walipata. Wanawake walipata wakiwa wamefikisha miaka 30, tena wawe na nyumba au ardhi ya thamani fulani kwa jina lao, au waolewe na mwenye nayo, au wawe wahitimu wa chuo kikuu. Wanawake wapatao milioni 8.4 waliingia kwenye daftari. Ni ushindi mkubwa, na sitaki kuubeza. Ila angalia nani alibaki nje. Wasichana waliotengeneza mabomu viwandani, ambao kila mwanasiasa alikuwa akiwasifu, wengi hawakuwa wamefika miaka 30. Mtumishi wa ndani anayelala kwa tajiri wake hakuwa na nyumba. Mjane anayepanga chumba chenye samani za mwenye nyumba hakuhesabika. Sababu ya kikwazo cha umri ilijulikana na kila mtu: wanaume wengi walikuwa wamekufa vitani, na wabunge hawakutaka wanawake wawe wengi kuliko wanaume kwenye daftari. Usawa kamili ulisubiri hadi tarehe 2 Julai 1928. Emmeline alikufa siku 18 kabla, akiwa mgombea mteule wa chama cha Conservative katika jimbo la Whitechapel, London Mashariki kulekule. Kando ya bunge ana sanamu tangu mwaka 1930, na Christabel ameongezewa sura yake pembeni. Sylvia hayupo pale.

Sisi masharti ya namna ile tunayajua vizuri, kwa sababu yalisafiri. Kenya, wanawake wa Kizungu walipewa kura mwaka 1919. Waafrika, wanawake kwa wanaume, walisubiri hadi 1957, na hapo wakawekewa vipimo vya elimu, kipato na mali. Tanganyika, uchaguzi wa 1958 ulimtaka mpiga kura awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Juu ya hayo alitakiwa ampigie kura Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, ile kura tatu iliyokaribia kukipasua chama cha kupigania uhuru, TANU, pale Tabora. Sasa mfikirie Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 ndiye aliyezunguka Dar es Salaam kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, kwa wapika pombe, wauza maandazi na wenye nyumba za kupangisha Kariakoo, akiwaandikisha kina mama kwa maelfu wakati wanaume wasomi wenye ajira serikalini hawakuruhusiwa hata kuwa wanachama. Elimu yake ilikuwa darasa la nne. Wengi wa wanawake aliowauzia kadi walikuwa mbali kabisa na vipimo vile vya mpiga kura. Jane Savoy angewaelewa bila mkalimani.

Sylvia mwenyewe baada ya 1918 alikwenda kushoto kupita wengi. Alikutana na Lenin huko Moscow mwaka 1920, akabishana naye kwa sababu hakutaka wakomunisti washiriki uchaguzi wa bunge (ndiyo, huyohuyo aliyepigania kura), na mwaka uliofuata chama cha kikomunisti kikamfukuza. Gazeti lake lilimwajiri mshairi mweusi kutoka Jamaika, Claude McKay, wakati magazeti ya London hayakufikiria jambo hilo. Alifungwa tena, safari hii kwa uchochezi. Mwaka 1927, akiwa na miaka 45, alizaa mtoto na Silvio Corio, mhamiaji wa Kiitaliano, akakataa kuolewa. Mama yake hakuzungumza naye tena.

Corio ndiye daraja la kuja kwetu. Kutoka kwake na wakimbizi wenzake Sylvia aliujua ufashisti wa Mussolini mapema, kabla Waingereza wengi hawajaona hatari. Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935, London nzima ya Waafrika na watu wa Karibi ilichemka. Jomo Kenyatta, mwanafunzi wakati huo, alikuwa katika kamati ya kuitetea Ethiopia pamoja na C.L.R. James na Amy Ashwood Garvey. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936. Siku hizohizo Sylvia alianzisha gazeti la wiki, New Times and Ethiopia News, akaliendesha kwa miaka ishirini. Aliandika habari za gesi ya sumu iliyomwagwa na Waitaliano, ambazo magazeti makubwa yalizichoka haraka. Wakati serikali ya Uingereza ilipokuwa ikikaribia kuutambua ushindi wa Mussolini, yeye alikuwa akipeleka barua kwa mawaziri takriban kila wiki. Gazeti lilisomwa hadi Afrika Magharibi. Baada ya ukombozi wa mwaka 1941 aligeuzia kalamu kwa Waingereza wenyewe, waliokuwa wakisitasita kuondoka, na majasusi wa Uingereza wakawa wanaandikiana jinsi ya kumziba mdomo bibi yule msumbufu. Alichangisha pia fedha za hospitali ya kumbukumbu ya Binti Mfalme Tsehai, aliyesomea uuguzi London na kufariki mwaka 1942 akiwa kijana.

Corio alifariki mwaka 1954. Miaka miwili baadaye, Sylvia akiwa na miaka 74, aliuza vitu vyake na kuhamia Addis Ababa na mwanawe Richard, ambaye baadaye akawa mwanahistoria mkubwa wa Ethiopia na mmoja wa waliodai mnara wa Aksum urudishwe kutoka Roma. Mama akaanzisha jarida jingine, Ethiopia Observer. Mwaka uliofuata, 1957, alishuhudia wanawake wa Ethiopia wakipiga kura kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 1955, na Senedu Gebru akiingia bungeni. Senedu alikuwa ameshika silaha dhidi ya Waitaliano, akafungwa Italia kwenye kisiwa cha Asinara, akarudi kuongoza shule ya wasichana ya Empress Menen. Kuna kitu kitamu katika kuwaona wafungwa wawili hao wa zamani katika jiji moja, na wanawake wa Ethiopia wakipiga kura bila kuulizwa pauni 150.

Lakini bunge lile halikuwa na meno. Vyama havikuruhusiwa, na neno la mwisho lilikuwa la Mfalme Haile Selassie. Hapa ndipo ninapokosana na Sylvia. Mwanamke aliyemkaripia Lenin ana kwa ana, aliyekataa kumtii hata mama yake mzazi, hakumkosoa mfalme huyu hadharani. Jarida lake lilijaa shule mpya, barabara mpya, hospitali mpya. Wakulima waliokatwa nusu ya mavuno na mabwanyenye hawakupata Jane Savoy wao wa kuingia na brashi mkononi. Na Eritrea? Alipiga kampeni kwa nguvu iungane na Ethiopia. Shirikisho likaja mwaka 1952, mfalme akalifuta miaka kumi baadaye, na vita iliyozuka kipindi hicho iliwala watu hadi 1991. Wapo wanaomtetea kwamba alikuwa mzee, alikuwa mgeni, alishukuru. Mimi nadhani ni zaidi ya hapo: alikuwa ameona wazungu wakiiponda nchi hiyo kwa miaka ishirini, akaapa asiwape neno moja la kutumia. Naielewa sababu hiyo. Ni sababu ambayo wengi wetu tumeitumia kunyamazia watawala wetu wenyewe.

Alifariki tarehe 27 Septemba 1960. Alizikwa kwa heshima za taifa, mfalme akiwapo, mbele ya Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, kwenye sehemu ya mashujaa wa vita dhidi ya Italia. Haikupita miezi mitatu, mwezi Desemba, ndugu wawili, Mengistu na Germame Neway, wakatumia kikosi cha walinzi wa mfalme kujaribu kumpindua akiwa ziarani Brazil, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana mitaani kuwaunga mkono. Jaribio lilizimwa kwa siku chache. Ningetoa fedha nzuri kusoma tahariri ambayo Sylvia angeiandika wiki ile.